Namna ya Kuandika Wasifu wa Mchezaji wa Hoki wa Timu ya Taifa ya Hispania: Mfano wa Pol Amat

Anayekaa chini kuandika kwa Kiswahili habari za mchezaji wa mpira wa magongo kutoka Hispania hushawishika mapema kuanza na medali, kwa sababu medali ndizo zinazopatikana kwa urahisi katika kumbukumbu za Olimpiki. Akifuata kishawishi hicho, ataandika aya mbili na habari itakuwa imekwisha, na msomaji atakuwa ameambiwa kwamba fulani alishika nafasi ya pili mwaka fulani bila kuelezwa mtu huyo alitoka wapi, alijifunza na nani, na kwa nini nchi inayosifika duniani kote kwa kandanda imekuwa ikitoa wachezaji wa hoki wa daraja la juu kwa zaidi ya miaka 60. Katika mwongozo huu ninapendekeza njia tofauti, ambayo huanzia nyumbani kwa mchezaji, yaani katika mji wake, ukoo wake na klabu za jirani, na kufika kwenye timu ya taifa baadaye. Mfano nitakaoutumia ni wa Pol Amat, aliyezaliwa Barcelona tarehe 5 Julai 1978, akashiriki michezo mitano ya Olimpiki mfululizo kuanzia Atlanta 1996 hadi London 2012, na akachaguliwa na Shirikisho la Kimataifa la Hoki kuwa mchezaji bora wa dunia wa mwaka 2008.

Hakikisha kwanza ni hoki ipi

Hispania ina hoki mbili zenye wafuasi wengi, na zote mbili zina mizizi mirefu Catalonia, eneo la kaskazini-mashariki lenye mji wa Barcelona. Ya kwanza ni hoki ya uwanja wa nyasi, ambayo Wahispania huiita "hockey hierba", na ya pili ni hoki ya viatu vya magurudumu, "hockey patines", ambayo ilichezwa kama mchezo wa maonyesho katika Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992. Gazeti la zamani la Barcelona linapoandika neno "hockey" peke yake, huenda linazungumzia hii ya pili. Kwa hiyo, kabla ya kunakili tarehe au idadi ya magoli, tazama idadi ya wachezaji wanaotajwa: hoki ya uwanja ina wachezaji 11 kila upande, ilhali ile ya magurudumu ina 5. Hatua hii huchukua dakika chache, nayo humwepusha mwandishi na kosa ambalo hakuna msomaji wa Hispania atakayelisamehe.

Jifunze kusoma majina

Hapa ndipo ninapokuomba ukae kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa makosa mengi ya wasifu huanzia kwenye jina. Kwa kawaida Mhispania ana majina mawili ya ukoo, la kwanza likitoka kwa baba na la pili likitoka kwa mama. Jina kamili la mchezaji wetu ni Pol Amat Escudé: Amat ni la upande wa baba, Escudé ni la upande wa mama. Katika kikosi cha mwaka 1996 alikuwamo pia Xavier Escudé, ambaye kwake Escudé ni jina la kwanza la ukoo. Anayetafuta kwa neno moja tu atawachanganya watu, au atawaunganisha wawili kuwa mmoja.

Jambo hilo nalisema kwa uzoefu. Katika rasimu yangu ya kwanza kuhusu hoki ya Terrassa niliandika habari za Jaime Amat kana kwamba ni mtu mmoja aliyecheza kwa zaidi ya miaka 30. Kumbe walikuwa wawili: Jaime Amat Fontanals, wa kizazi cha miaka ya 1960, na Jaime Amat Durán, aliyekuwa katika kikosi kilichotwaa medali ya fedha Atlanta. Jina la mama ndilo lililonionyesha kosa langu, na tangu siku hiyo sijawahi kuandika jina la mchezaji wa Hispania bila kulitafuta lote kwanza.

Kuna tabaka la pili la ugumu, nalo ni lugha. Wachezaji wengi wa hoki ni Wakatalani, na wakati wa utawala wa kidikteta wa Jenerali Franco, uliokoma mwaka 1975, majina ya Kikatalani hayakukubaliwa katika daftari za serikali. Aliyeitwa Jaume nyumbani aliandikwa Jaime, Joan akawa Juan, Pere akawa Pedro, na Francesc akawa Francisco. Hata baada ya utawala huo kuanguka, orodha za kimataifa ziliendelea kwa miaka mingi kutumia umbo la Kihispania, hivyo mchezaji mmoja anaweza kuonekana kwa majina mawili katika kumbukumbu mbili za mashindano yale yale. Ushauri wangu ni kuchagua umbo ambalo mchezaji mwenyewe analitumia hadharani, kulitaja lile lingine mara moja tu katika aya ya kwanza, na kuziacha alama za herufi kama zilivyo. "Escudé" bila alama juu ya e ya mwisho ni jina lililokosewa, sawa na mtu anayeandika "Mwinyi" bila herufi w.

Anzia Terrassa, hata kama mchezaji alizaliwa kwingine

Terrassa ni mji wa viwanda vya nguo ulio kiasi cha kilomita 30 kaskazini-magharibi mwa Barcelona. Waroma waliuita Egara, na jina hilo limebaki katika Club Egara, mojawapo ya klabu zake kongwe za hoki. Klabu nyingine kubwa hapo ni Atlètic Terrassa na CD Terrassa. Mji mmoja kuwa na klabu tatu za kiwango hicho katika mchezo usio na mashabiki wengi kitaifa ni jambo la kustaajabisha, na waandaaji wa Olimpiki ya 1992 walilitambua walipopeleka mashindano yote ya hoki ya uwanja Terrassa badala ya kuyabakiza Barcelona. Ndiyo maana dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Hispania imewahi kuipata katika hoki, ile ya wanawake waliokuwa chini ya nahodha Mercedes Coghen na kocha José Brasa, walioishinda Ujerumani 2–1 katika dakika za nyongeza, ilipatikana katika mji huo.

Ukoo wa Amat unatoka huko. Pedro Amat alikuwa katika timu iliyopata medali ya shaba Roma mwaka 1960, ambayo ilikuwa medali ya kwanza ya Hispania katika mchezo huu. Juan Amat alikuwa katika timu iliyopata fedha Moscow mwaka 1980, ilipofungwa na India 4–3 katika fainali. Pol naye akapata fedha mara mbili, mwaka 1996 na mwaka 2008. Hispania imetwaa medali nne za Olimpiki katika hoki ya wanaume, na katika kila moja kati ya hizo nne kulikuwa na Amat uwanjani. Ukiuweka ukweli huu mwanzoni mwa wasifu, msomaji wa pwani yetu, anayejua maana ya ufundi unaorithishwa nyumbani kama wa mafundi jahazi, ataelewa papo hapo mambo ambayo orodha ya medali isingeweza kumweleza.

Jihadhari tu usigeuze habari ya ukoo kuwa habari ya damu. Mtoto wa Terrassa hawi hodari kwa sababu ya jina lake. Huwa hodari kwa sababu uwanja uko karibu, baba na wajomba wanajua mchezo, klabu ina timu za watoto wa kila rika, na mwishoni mwa juma hukutana na watoto wa klabu jirani wenye uwezo kama wake. Ukitaka kueleza chanzo cha kipaji, eleza mpangilio huo. Kwa mchezaji wa kike, mpangilio wenyewe huenda ukakupeleka Madrid, kwenye Club de Campo, au San Sebastián kaskazini. Kwa wanaume wa Barcelona utakupeleka Real Club de Polo, klabu iliyoanzishwa mwaka 1897.

Eleza pia mchezaji anajikimu kwa njia gani. Hoki ya Hispania haina mishahara ya kandanda, na wengi husoma au kufanya kazi wakiwa katika timu ya taifa. Nguzo mbili zimewasaidia wanamichezo wa kizazi cha Pol: mpango wa ufadhili wa ADO ulioanzishwa mwaka 1988 kwa maandalizi ya Olimpiki ya Barcelona, na kituo cha mazoezi cha Sant Cugat del Vallès, kilichofunguliwa mwaka 1987 katikati ya Barcelona na Terrassa. Baadhi ya wachezaji huenda Uholanzi, ambako ligi ina nguvu zaidi, kama Santi Freixa alivyofanya alipochezea klabu ya Amsterdam. Ukikuta mchezaji wako amehamia huko, usiandike kwamba alikwenda kutafuta utajiri. Mara nyingi alikwenda kutafuta mechi ngumu za kila wiki.

Eleza mchezo wa wakati wake

Msomaji anayetazama hoki ya leo huona robo nne za dakika 15. Pol Amat hakucheza Olimpiki hata moja kwa mpangilio huo. Mechi zake zote katika michezo hiyo mitano zilikuwa za vipindi viwili vya dakika 35. Alianza wakati sheria ya kuotea ingalipo, ikafutwa kabisa mwishoni mwa miaka ya 1990, na washambuliaji wote wakalazimika kujifunza upya mahali pa kusimama. Mwaka 2009 mchezaji aliyefanyiwa faulo aliruhusiwa kujianzishia mpira mwenyewe bila kumpa mwenzake, na mchezo ukawa wa kasi zaidi, kwa faida ya wale wenye mikono myepesi ya kukokota mpira. London mwaka 2012 alikanyaga uwanja wa rangi ya bluu na kuucheza mpira wa njano. Mwandishi asiyetaja mabadiliko haya humfanya mchezaji aliyeshiriki Olimpiki kwa miaka 16 aonekane amecheza mchezo ule ule muda wote, ilhali alilazimika kujifunza zaidi ya mara moja.

Pitia mashindano bila kuficha yaliyoharibika

Panga mashindano kwa mfuatano wa miaka, na kila medali uiweke ndani ya mechi yake. Mwaka 1996 Pol alikuwa ametimiza miaka 18 wiki mbili tu kabla ya Michezo ya Atlanta kufunguliwa, na Hispania ikafungwa na Uholanzi 3–1 katika fainali. Miaka minne baadaye, Sydney, Hispania ilimaliza ya 9. Athens mwaka 2004 ilikuwa ya 4, baada ya kufungwa na Ujerumani 4–3 katika dakika za nyongeza za mechi ya kutafuta shaba. Beijing mwaka 2008 iliitoa Australia 3–2 katika nusu fainali, kisha ikafungwa 1–0 na Ujerumani kwa goli la Christopher Zeller. London ilikuwa ya 6.

Waandishi wengi huruka Sydney na Athens kwa sababu hazikuleta medali. Mimi naona Athens ndiyo kitovu cha habari nzima. Timu iliyokosa shaba kwa goli moja mwezi Agosti 2004 ndiyo iliyokwenda Lahore mwezi Desemba mwaka huo huo na kulitwaa Kombe la Mabingwa, na ndiyo iliyolibeba kombe la Ulaya mjini Leipzig mwaka 2005, la kwanza kwa Hispania tangu lile la Madrid la mwaka 1974. Ukisimulia kushindwa kwa Athens kwa ukamilifu, fedha ya Beijing inapata uzito wake, na uamuzi wa kumpa mchezaji wa timu iliyoshindwa fainali heshima ya mchezaji bora wa dunia unaeleweka pia. Kocha wa miaka hiyo, Maurits Hendriks, Mholanzi aliyekuwa ameiongoza nchi yake kutwaa dhahabu Sydney, anastahili aya yake mwenyewe.

Kuna kanuni moja ninayoishika kwa nguvu katika sehemu hii: ushindi wa timu usiandikwe kuwa wa mchezaji mpaka jina lake lionekane katika orodha ya kikosi cha mashindano hayo. Kikosi cha Olimpiki katika enzi zake kilikuwa na wachezaji 16 tu, cha Kombe la Dunia 18, na nyota huumia, huachwa au hupumzishwa. Kuandika "Hispania ilitwaa kombe" ni kweli moja. Kuandika "alitwaa kombe" ni kweli nyingine inayohitaji ushahidi wake.

Maneno ya uwanjani

Tumia istilahi ambazo msomaji anaweza kuzisema kwa mdomo wake. Tanzania wengi husema mpira wa magongo, Kenya wengi husema hoki, na hakuna ubaya kuyatumia yote mawili katika makala moja, mradi la kwanza lieleze la pili. Neno gongo likisimama peke yake lina maana nyingine Tanzania, ya pombe haramu, kwa hiyo mara ya kwanza andika "gongo la kuchezea" ili sentensi isimpotoshe msomaji. Eneo la nusu duara mbele ya lango, lenye upana wa mita 14.63 kutoka mstari wa goli, liite duara la kufungia, na ueleze kwamba goli halihesabiwi mpaka mpira uguswe na mshambuliaji akiwa ndani yake. Msomaji aliyezoea kandanda hawezi kulikisia jambo hilo.

Kona ya adhabu inastahili maelezo kamili, kwa kuwa magoli mengi makubwa hutokana nayo. Mshambuliaji mmoja huusukuma mpira kutoka mstari wa mwisho kwenda kwa wenzake waliosimama nje ya duara. Walinzi wanne na golikipa hungoja nyuma ya mstari wao wa goli, na wenzao waliobaki husimama katikati ya uwanja. Mpira lazima utoke nje ya duara kabla ya shuti, na shuti la kwanza likiwa la kupiga kwa nguvu, halipaswi kuvuka mstari wa goli likiwa juu zaidi ya sentimita 46, ambao ndio urefu wa ubao wa nyuma ya lango. Anayeuburuta mpira kwa gongo na kuufyatua anaruhusiwa kwenda juu zaidi, na hapo ndipo mabingwa wa ufyatuaji wanapopata thamani yao.

Mahali ambapo njia zetu zilikutana

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kubebeshwa uhusiano usiokuwapo, lakini upo mmoja wa kweli na haupaswi kusahauliwa. Kombe la Dunia la kwanza la hoki lilichezwa Barcelona mwezi Oktoba 1971 katika uwanja wa Real Club de Polo, na katika nusu fainali Hispania iliifunga Kenya 1–0. Kenya ilimaliza ya 4, baada ya India kuishinda 2–1 katika dakika za nyongeza. Ilikuwa Kenya ya Avtar Singh Sohal, nahodha aliyeshiriki Olimpiki nne kuanzia mwaka 1960 hadi 1972, na ya wachezaji waliokomaa katika viwanja vya Nairobi. Hispania ilikwenda kufungwa na Pakistan 1–0 katika fainali. Ukiandika habari za mchezaji yeyote wa Hispania wa kizazi hicho, goli lile moja la nusu fainali ni sehemu ya wasifu wake na ni sehemu ya historia yetu pia.

Mwaka 1980, Moscow, Tanzania ilikuwa miongoni mwa timu sita za wanaume, nazo zote zilikutana katika kundi moja, kwa hiyo ilicheza na Hispania ya Juan Amat. Tanzania ilishika nafasi ya mwisho, na India iliifunga 18–0. Nadhani ni haki kuliandika hilo wazi, pamoja na sababu yake: nchi nyingi zilizosusia Michezo hiyo ziliacha nafasi wazi, na nafasi hizo zikajazwa na timu zilizopata muda mfupi mno wa kujiandaa. Zimbabwe iliyoitwa kwa njia hiyo hiyo upande wa wanawake ilirudi nyumbani na dhahabu.

Aya za mwisho

Malizia pale ambapo kazi ya mchezaji ilimalizikia. Kwa Pol Amat upande wa Olimpiki, hapo ni London, akiwa na miaka 34, katika timu iliyoshika nafasi ya 6 baada ya kufungwa na Ubelgiji 5–2. Usitafute medali ya kuziba pengo hilo wala usirudie zile mbili za fedha. Andika umri, andika matokeo, na umtaje mpinzani, kwa sababu Ubelgiji ile ilikuwa ikipanda na miaka minne baadaye, Rio de Janeiro, ilicheza fainali ya Olimpiki. Kisha mpe rasimu mtu aliyewahi kucheza mchezo huu, hata kama ni katika timu ya shule, aisome kwa sauti mbele yako, na kila sentensi ambayo ulimi wake utakwama uiandike upya kabla ya kuitoa.